Chai Iliyopanda Mwinuko wa Tangi

Karakana ya Cherehani,
Ua wa Nyuma, Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba,

Salamu nyingi, na ukizimaliza hizo nyingine zipo. U hali gani huko ulikojichimbia? Lile bega lililokuwa likikusumbua kila ukinyanyua mtungi wa kuchomelea, limepoa au bado unajifanya wewe ndiye chuma? Mkeo hajambo? Watoto nao, wanapata akili au wanarefuka tu? Nijibu yote, moja moja. Usiniandikie "tuko poa" halafu ukanyamaza, nitairudisha hiyo barua.

Sisi huku hatujambo kabisa. Mama mzima, goti ni lile lile na mdomo ni ule ule. Kaka Breki mzima, bado anafundisha watu udereva na bado anamwambia kila mtu akanyage breki, hata anayetembea kwa miguu. Wifi, mkewe, mzima na anazidi kunawiri. Mimi ndiyo kabisa, usiulize. Tangu Jumamosi ile ya kikao natembea kifua mbele, mpaka wateja wananiuliza kama nimepata mchumba.

Najua unachosubiri. Umempigia simu Kaka, ukampigia Wifi, ukampigia na Shangazi, na kila mmoja amekujibu, "Subiri barua ya Dada." Mimi ndiye niliyewafunga midomo. Siku ya kikao ulikuwa kwenye simu, tumeiweka mezani katikati yetu, ukasikia magurudumu ya treni yangu yakizunguka bure na watu wakiangua kicheko. Wewe ulicheka kuliko wote. Ukasema, "Mwageni zege, yaishe," kisha simu ikakatika. Basi ulichokisikia ni nusu. Nusu iliyobaki nimekuwekea mwenyewe, na nitakupa taratibu, kwa raha zangu.

Lakini tuanze mwanzo, maana hadithi hii wewe umeisikia kwa Kaka, na Kaka akihadithia jambo linalomhusu hutia chumvi gunia zima.

Nyumba yetu unaijua: jiko liko upande wa chini, baraza ya Mama upande wa juu, na katikati ule ua mrefu wenye tangi la maji. Tangu goti liharibike, Mama hawezi tena kushuka ngazi kwenda jikoni. Na unamjua mama yako. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kugusa birika yeye akiwepo. Chai alimimina yeye, akajua nani anataka nyepesi na nani anakunywa sukari na chai kidogo juu yake. Leo eti amwite mtu amletee kikombe? Kwake hiyo ni sawa na kuomba. Mara ngapi nimetoka karakana mchana, mikono imejaa grisi, nikamkuta amekaa na koo kavu tangu asubuhi, na jikoni watu wamejaa? Ukimuuliza anasema, "Sina kiu sana." Tulimpa kengele, hakuigusa hata siku moja. Iliniuma, mdogo wangu. Iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa, unamkumbuka Fundi Saa, yule wa duka la kona mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Dirishani kwake, katikati ya saa, kulikuwa na kichwa cha treni cheusi chenye magurudumu mekundu, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Si vile vya kuchezea mezani. Ni treni kubwa za mfano, zile ambazo watu hutandikia reli bustanini na kuziendesha kama za kweli. Zamani kilikuwa kikizunguka pale dirishani, siku hizi kimesimama kinakula vumbi. Nilikuwa nimempelekea saa ya ukutani ya Mama, macho yakanasa hapo hapo. Nikamuuliza habari zake.

"Hicho kimekufa," akasema. "Sasa hivi ni pambo."

Nikamwambia chenye mota hakifi, hukata tamaa tu. Akanitazama kwa miwani zote mbili. Lakini cherehani ya mkewe ilikuwa kwangu ikisubiri shafti, na yule bwana alikuwa anaogopa kurudi nyumbani bila cherehani. Tukaelewana. Yeye akaondoka na cherehani inayoshona kama mpya, mimi nikaondoka na kichwa cha treni, mabehewa matatu ya wazi, na sanduku la reli lililokuwa limelala stoo miaka na miaka. Kile kichwa nilikipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Watu wakanipisha.

Nilipokifungua nilicheka peke yangu. Ndani yake ni cherehani tupu! Kaboni za mota, zile mbili ndogo zinazopitisha umeme, zilikuwa zimelika zimebaki kama kucha. Hizo si ndizo ninazobadilisha kila wiki? Nikachukua mpya za mota ya cherehani, nikazisugua kwa msasa mpaka zikaingia mahali pake. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka gundi. Nikaikwangua kwa bisibisi. Gia moja ya plastiki ilikuwa imepasuka jino, nikaipeleka kwa mkereza vyuma anitolee ya shaba. Alicheka sana, akaniuliza mimi abiria wangu ni panya au mende. Nilimwacha acheke. Gia yake ni nzuri. Nilipogusisha umeme na magurudumu yakazunguka, nilipiga ukelele hadi mteja aliyekuwa anasubiri cherehani yake akakimbilia swichi, akidhani umeme umenipiga.

Nikatandika reli kutoka mlango wa jiko, zikapita mbele ya karakana, zikazunguka tangi, zikapanda ule mwinuko hadi ukingo wa baraza ya Mama. Mama akanitazama nimepiga magoti kwenye kokoto siku nzima, akauliza kama utoto umenirudia au haukuwahi kuondoka.

Mwanzoni ilikuwa kero tupu. Umeme ulikuwa unapita kwenye reli zenyewe, na ua wetu unaujua: jani likianguka, treni inasimama, vumbi likikaa, treni inasimama, kuku wa jirani akipita, treni inasimama na mimi natukana. Nikaamua kukiboresha kichwa kizima. Umeme wa reli nikauachia mbali. Nikachukua betri ya drili yangu ya kuchaji, nikaificha ndani ya kile kibehewa cha makaa kinachofuata nyuma ya kichwa, nikafunga mitambo ya rimoti niliyoitoa kwenye gari bovu la kuchezea. Nikaongeza na honi. Kitu kidogo tu, lakini kinaamsha mtaa.

Sasa sikiliza utaratibu ulivyokuwa. Rimoti anakaa nayo Mama. Treni inalala jikoni. Mama akitaka chai anabonyeza honi, inalia jikoni, aliyepo anaweka kikombe kimoja kwenye behewa, na treni inapanda. Siku ya kwanza kikombe kilipomfikia, alikishika kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Hii haina uso wa kuninunia." Siku hiyo alikunywa vikombe vitatu. Koo la Mama halikukauka tena, na mimi nikalala usingizi.

Raha haidumu. Gari la Kaka likakwaruzwa na mkokoteni kule barabarani anakoliegesha, mlango mzima. Simlaumu, gari ni kazi yake. Mwalimu wa udereva mwenye gari lililochubuka nani atamwamini? Lakini akaja na wazo kwamba ua umwagwe zege kuanzia getini hadi kwenye tangi ili gari lilale ndani. Na reli je? Reli zing'olewe. Nikamwambia thubutu. Akasema kikombe kimoja cha chai si sababu ya kuzuia gari zima, na kwamba chai Mama ataletewa kwa mkono kama watu wote. Nikamuuliza, na nani? Na ataita lini? Tukapandishiana sauti mpaka Wifi akafunga madirisha.

Ndipo Kaka akatoa sharti lake. Alisema siku ya kikao cha familia, treni ilete chai ya kikao kizima kwa safari moja: birika kubwa limejaa, vikombe vyote, na sukari. Ikifika barazani haijamwagika, hatalitaja zege tena. Ikishindwa, reli zinang'olewa siku hiyo hiyo. Kila mtu akakubali. Wewe nawe ukapiga kura yako ya upande wa zege kwa simu, ukisema hata Mama atazoea. Hilo "atazoea" nitakuja kulizungumza na wewe uso kwa uso, ukirudi.

Wiki ile nilijaribu treni kwa matofali badala ya birika. Ilipanda kwa taabu, ikihema, lakini ilipanda. Nikajua nimeshinda.

Jumamosi ikafika. Barazani tulikuwa Mama kwenye kiti chake, Kaka Breki na futi ya kupimia mfukoni, Wifi, Shangazi aliyekuja kusimamia haki, mimi, na wewe ndani ya simu. Fundi Saa naye alijipitisha akisema anatafuta mwavuli wake, na mvua haikuwepo, tukampa kiti. Getini mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa tayari. Kaka hakuacha hata nafasi ya shaka.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa treni asingelifanya, ila fundi yeyote wa kutengeneza cherehani angelifanya bila kufikiri. Sisi kwetu mashine haikabidhiwi mpaka ipanguswe mafuta. Ndiyo heshima ya kazi. Mashine kavu ni aibu ya fundi. Basi asubuhi ile nilichukua kopo langu la mafuta ya cherehani na kitambaa safi, nikapangusa kichwa, nikapangusa mabehewa, nikapangusa magurudumu moja moja, kisha nikashuka ua mzima nimeinama nikipangusa na reli zenyewe kwa juu, mpaka zikametameta. Shangazi akanisifu. Nami nikavimba kichwa.

Wifi akapakia jikoni: birika behewa la kwanza, vikombe la pili, bakuli la sukari la tatu. Mama akanipa rimoti. Nikabonyeza. Treni ikaondoka vizuri, ikapita karakana kwa maringo, ikafika mwinuko wa tangi, na hapo magurudumu yakaanza kuzunguka bila kwenda popote. Vuu, vuu, vuu. Kisha ikaanza kurudi nyuma polepole, na chai yake, hadi mlango wa jiko, kama mgeni aliyekumbuka amesahau kitu.

Kicheko chako nilikisikia. Mpaka leo kimo masikioni mwangu.

Kaka akasimama akachomoa futi. "Haya," akasema, "makubaliano ni makubaliano." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililozidi kuniuma. Sikufichi, machozi yalinilengalenga. Sikulilia chuma. Nilimwona Mama anarudi kukaa pale mchana kutwa, koo kavu, akisema hana kiu sana.

Wewe wakati huo simu yako ilikuwa imeshakatika. Sasa fungua masikio.

Unakumbuka sheria aliyotuachia Baba, kwamba kikao chetu hakifungwi kabla watu hawajanywa chai, ili mtu asiondoke amenuna. Kaka akamwomba Wifi alete birika kwa mkono, tunywe, kikao kifungwe, kazi ya kung'oa ianze. Wifi akaleta. Akammiminia Mama kikombe, akakiweka mbele yake. Mama akakunja mikono mapajani.

"Hii sinywi," akasema.

"Mama," Kaka akamwambia kwa upole, "usipokunywa kikao hakitafungwa."

"Ndiyo maana sinywi. Mimi nitakunywa itakayokuja na treni. Kaeni."

Ala! Shangazi aliziba mdomo kwa upande wa khanga. Kaka alitazama juu, akatazama chini, akakaa. Angefanya nini? Sheria ni ya Baba, na mwenye kikombe ni Mama. Futi imo mkononi na haina kazi.

Nikashuka mbio hadi kwenye treni. Nikashika gurudumu, kidole kikateleza. Nikashika reli, kidole kikateleza. Kumbe! Nilijipiga kofi la paji la uso mpaka likasikika barazani. Nimeipaka treni mafuta miguuni halafu naidai ipande mlima! Nikachukua chupa ya spiriti na matambara, nikasugua magurudumu, kisha nikaanza kusugua reli kuanzia chini. Kuinua macho, namwona Wifi amejifunga kibwebwe, amepiga magoti upande wa juu, naye anasugua.

"Hata wewe?" Kaka akamuuliza.

"Mimi ndiye ninayepanda na kushuka na vikombe vya vikao vyenu," akajibu bila kugeuka. "Wewe ulishawahi?"

Fundi Saa alikohoa.

Tukapakia upya. Nikabonyeza. Treni ikaukamata mwinuko, ikapanda, ikapanda, ikafika nusu, na pale magurudumu yakateleza tena. Mafuta yalikuwa bado yamo kwenye maungio ya reli, na birika ni zito. Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Kaka alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

Nikaishusha, nikapakua birika, nikakigeuza kichwa miguu juu. Na hapo ndipo Mungu aliponifumbua macho. Magurudumu mawili ya nyuma yana mfereji mdogo umezunguka katikati. Tangu nikipate nilidhani ni urembo. Lakini nani anachonga mfereji kwenye gurudumu kwa urembo, mahali pasipoonekana? Mimi mfereji kama ule naujua! Upo kwenye kila cherehani, kwenye kile kigurudumu cha kujazia uzi kwenye bobini, na kazi yake ni kuvishwa raba. Raba ikikatika kigurudumu kinateleza, bobini haijai, na mteja anakuja kunilaumu. Kichwa changu kilikuwa kinatembea bila viatu, na mimi nimekizidishia mafuta!

Nilipaa, sikukimbia. Karakana nina kopo zima la raba hizo. Ya kwanza nikaivuta, ikakatika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikachukua ya pili, nikailowesha, nikaivuta kwa ncha ya bisibisi, ikaingia kwenye mfereji wake ikatulia. Nyingine upande wa pili, nayo ikatulia. Fundi Saa alikuwa amenifuata, amenishikia taa, miwani zote mbili ziko machoni. Akasema neno moja tu: "Kumbe."

Birika juu. Vikombe juu. Sukari juu. Nikabonyeza kidogo tu.

Mdogo wangu, ungeiona! Haikuteleza hata chembe. Ilifika kwenye tangi ikapunguza mwendo, raba zikauma reli, ikapanda kama inahesabu mataruma ya reli moja moja. Vikombe vinagongana kidogo, birika linatoa mvuke. Kwenye kona behewa la sukari likayumba, Shangazi akapiga yowe, likakaa sawa. Ikapanda, ikapanda, ikatokea juu, ikaenda kusimama mbele ya miguu ya Mama. Nikapiga honi. Jamani, niliipiga honi hiyo mpaka mbwa wa mtaa wakajibu!

Kaka akainama akakagua mabehewa kama anamtahini dereva. Akapitisha kidole chini ya birika. Pakavu.

Wifi akanyoosha mkono amimine. Mama akausogeza kando, polepole tu. Akalishika birika mwenyewe. Tangu goti lile, hakuwa amelishika. Akammiminia Shangazi nyepesi, akammiminia Kaka nzito, mimi akanijazia hadi ukingoni anavyojua ninavyopenda, akamkumbuka na Fundi Saa. Mwisho akajimiminia yeye, akaonja, akatutazama wote.

"Sukari mmeniwekea kidogo," akasema. "Kikao kimefungwa."

Weee! Mimi na Wifi tulilizunguka tangi tukicheza kama tuna wazimu. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kaka Breki, nampa haki yake, asiyekubali kushindwa si mshindani: alikuja akanishika mkono mbele ya watu, akasema, "Dada, hapo nimekanyaga breki." Sasa hivi gari lake linalala kwenye uwanja wa shule ya udereva na yeye anarudi kwa miguu. Kitambi kimeanza kupungua, Wifi anashukuru.

Na saruji unajua ameifanyia nini? Amechanganya mwenyewe, akatengeneza kitako imara cha reli, tena akaongeza njia ya pembeni hadi mlangoni kwake. Aliniambia ni kwa sababu udongo ule unatitia. Nikamwambia ndiyo, udongo unatitia.

Sasa tunataka kichwa cha pili, na hapo ndipo nakuhitaji. Huko kwenu nasikia kuna masoko ya vitu vilivyotumika. Ukikiona kikubwa kama hiki, usinunue kwa sababu kinang'aa. Kigeuze miguu juu. Angalia meno ya gia, angalia kama mifereji ya magurudumu ina raba zake, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Kikikwaruza, ni gia, nitatengeneza. Kikiwa kimya kabisa na hakizunguki, kiache, au nipigie kwanza. Na usijadiliane na muuzaji huku unacheka. Wewe ukicheka watu wanakupandishia bei.

Shangazi anakusalimu sana, anasema amekusamehe ile kura, mimi bado. Wifi anakusalimu na kuuliza hali ya mkeo. Fundi Saa anakusalimu. Huja kila Jumamosi, mwavuli wake bado haujaonekana. Kaka Breki anakusalimu, na anataka ujue kwamba ndiye anayemfundisha Mama kuendesha. Si utani. Anasimama nyuma ya kiti, "Taratibu kwenye kona! Breki! Breki, Mama!" na Mama anamwambia anyamaze asimharibie mwendo.

Maana utaratibu umebadilika tangu siku ile. Kikombe kimoja Mama amekikataa. Asubuhi anataka birika zima lipande, na likishafika juu halina mwenyewe mwingine. Kikombe kimoja ni cha mgonjwa, mdogo wangu. Birika ni la mwenye nyumba.

Mungu akuweke, akulindie bega na macho yako kwenye ule moto wa kuchomelea, awape wanao afya na akili, na akurudishe nyumbani ungali unacheka.

Nilitaka kuendelea, ila honi imelia hapa nje ya karakana. Ngoja nitazame. Ni kikombe kimoja, kimefunikwa kwa kisahani, kimejaa hadi ukingoni, na hakuna tone lililomwagika. Sikuagiza. Kule juu barazani Mama ameshika rimoti, birika liko ubavuni mwake, ametazama pembeni kama hajui lolote. Nimempungia mkono, naye amepaza sauti, ua mzima umesikia: "Kunywa kabla hakijapoa! Na wenzako nao wanasubiri, usinikalie na treni!"

Wako akupendaye, pamoja na kura yako,
Dada yako, Fundi.